Bugali Inayolewesha: Historia ya Kizunguzungu na Chakula kwenye Mwambao wa Baraka

Mtoto wa Baraka akitoka kwenye chakula, akashika ukuta na kusema, "Mama, kichwa kinazunguka," mama hamuulizi kwanza habari ya malaria. Anamuuliza: "Leo mulikula bugali ya nani?" Swali hilo nimelisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi nililichukua kama neno la ugomvi wa majirani. Kumbe ndani yake kuna elimu ya muda mrefu, iliyotoka mbali kabla ya kufika kwetu. Katika kurasa hizi napenda kuifuata elimu hiyo, sababu naona inapotea, na inapopotea watu wanaumia. Wengine hata wanashtakiwa uchawi bila kosa.

Nianze na muhogo, maana huko ndiko mambo yalikoanzia.

Muhogo si mmea wa wazee wetu wa zamani sana. Ulitoka Amerika, Wareno wakauleta upande wa Kongo ya chini katika karne ya 16, na kutoka hapo ukatembea polepole kwa mikono ya watu wenyewe, kutoka bustani moja hadi nyingine, mpaka ukafika kwenye maziwa. Kabla yake mashamba ya nchi zetu yalikuwa ya ulezi, mtama na ndizi. Muhogo ulishinda kwa sababu unavumilia ardhi iliyochoka, hauhitaji kuvunwa siku moja, na unaweza kukaa chini ya udongo kama akiba wakati vita vinapita juu yake. Sisi wa Fizi tunaijua vizuri sababu hiyo ya mwisho.

Lakini mmea huo ulikuja na sumu yake. Kuna muhogo mtamu, ambao mtoto anaweza kutafuna mbichi njiani, na kuna muhogo mchungu. Mtu atauliza: kwa nini wazee walipanda ule mchungu? Jibu ni rahisi. Ngiri na nyani hawaupendi, mwizi naye hawezi kuung'oa na kuula papo hapo. Shamba la muhogo mchungu linajilinda lenyewe. Gharama yake ni kazi ya mama: kumenya, kutia majini, kungojea, kuanika, kutwanga, kuchekecha.

David Livingstone aliiona kazi hiyo katika nchi ya Balunda mwaka 1854, na akaiandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857. Anaeleza kwamba mizizi michungu iliwekwa katika maji siku nne mpaka ikaanza kuoza, ikatolewa ganda, ikaanikwa juani, halafu ikatwangwa kuwa unga mweupe. Siku nne! Ndiyo hesabu ileile ambayo koko wangu alitufundisha sisi, bila kusoma kitabu chochote cha Mwingereza. Tena Livingstone anaongeza jambo moja ambalo wasomaji wengi wanalipita: kwamba chakula hicho kikiliwa kila siku bila karanga wala maharagwe kinadhuru, na kwamba yeye mwenyewe alisikia hata macho yake yanaharibika. Neno hilo tulishike, tutalirudia.

Sasa sumu yenyewe inafanyaje kazi? Ndani ya muhogo kuna kitu ambacho wataalamu wanakiita linamarini. Kikiwa kimetulia ndani ya mzizi hakina kelele. Mzizi ukipondwa au ukilainika majini, kinavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali, lakini nyepesi: inatoka na maji, inapaa na hewa. Kwa hiyo kulowesha, kuponda na kuanika ni njia ya kufungua mlango ili sumu itoke. Kuanika peke yake, haraka haraka, bila maji, hakutoshi, kwa kuwa mzizi unakauka huku mlango haujafunguka. Ndivyo ilivyo pia kwa sombe: yale majani yanapondwa sana kwenye kinu, halafu yanachemka muda mrefu bila kifuniko. Mwenye haraka ya sombe anajitafutia kichwa.

Mtu akila unga ambao sumu yake haijatoka, baada ya saa chache anasikia kichwa kinamuuma na kuzunguka, moyo unapiga mbio, tumbo linachafuka, anatapika. Wengi wanapona kesho yake. Ndiyo ile hali mama zetu wanayoiita "bugali imemulewesha". Kama sumu ilikuwa nyingi, au mtoto ni mdogo na mdhaifu, anaweza kufa.

Nitaeleza sasa jambo la nyumbani kwetu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi mpaka Kigoma. Tulikaa katika makambi, wengine Lugufu, wengine Nyarugusu. Huko chakula kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, mbaazi au maharagwe, mafuta, chumvi kidogo. Watu walilalamika, na mimi nililalamika nao, maana bugali ya mahindi ilitushinda mwanzoni. Lakini tazama matokeo yake: mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1998 alifika miaka saba au nane bila kuona hata mara moja mihogo inatiwa majini. Binti aliyevuka akiwa na miaka kumi alirudi mwanamke mwenye watoto, na mikono yake haikujua kazi ile.

Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tulirudi mwaka uliofuata. Mgao wa kurudia ulipokwisha, tukakuta mashamba ni pori na mihogo sokoni ni ghali. Mama mdogo wangu alipata mihogo ya mkopo kutoka kwa jirani, mjane aliyekuwa na shamba la zamani. Njaa ilikuwa nyumbani. Akaitia majini usiku mmoja, akaikatakata vipande vidogo, akaianika juu ya bati siku moja na nusu, akaipeleka kwenye mashini. Unga ulikuwa mweupe, mzuri wa kutazama.

Usiku ule tulianguka sisi wote. Watoto walitapika, mama mdogo hakuweza kusimama, alisema nyumba inatembea. Alfajiri watu walijaa uani, na neno lilikwisha kupatikana: mjane yule ameloga mihogo. Vijana wawili walikuwa wameanza kutafuta fimbo.

Aliyeokoa siku ile ni koko. Alikuwa hakula, sababu alisema unga ule "unanuka mubichi". Alisimama mlangoni akauliza mbele ya watu wote: "Hii mihogo ililala mu maji siku ngapi?" Mama mdogo akajibu: moja. Koko akasema: "Basi muchawi ni wewe mwenyewe, mwanangu. Mupeleke watoto ku hospitali, na muache mama wa watu." Vijana wakatawanyika. Yule mjane aliendelea kukaa nasi jirani mpaka alipofariki, lakini hakukopesha tena mihogo kwa mtu yeyote.

Ningependa kusema kuwa nyumba yetu ilikuwa peke yake. Sivyo. Historia ya nchi nyingine inaonyesha mambo yaleyale kila mahali ambapo njaa, ukame au vita vimefupisha siku za maji. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo, ambao Bayaka waliuita konzo: mtu mzima wa afya anaamka asubuhi, miguu imekakamaa, na haitarudi tena kama zamani. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula kule Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipatwa na ugonjwa huo. Mwaka 1985 ukatokea Tarime, Tanzania, pia katika ukame. Na mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba konzo imeonekana hata kwetu Kivu ya Kusini, baada ya miaka ya vita. Wagonjwa wengi wa konzo walieleza kwamba kabla ya miguu kukataa walikuwa wakisikia kizunguzungu na kutapika baada ya kula. Kwa hiyo bugali inayolewesha si mzaha. Ni mlango wa kwanza.

Hapo turudi kwa neno la Livingstone kuhusu karanga na maharagwe. Mwili una njia yake ya kuizima sianidi, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inapatikana katika protini nzuri: samaki, nyama, mayai, na kwa kiasi katika maharagwe na karanga. Konzo iliwapiga hasa watu waliokula muhogo mtupu, siku baada ya siku. Sisi wa mwambao Mungu ametupa ndagala na mukeke. Bugali na ndagala, chakula ambacho vijana wanakidharau kama cha maskini, ni dawa na kinga katika sahani moja. Lakini ndugu zetu wa milimani, mbali na ziwa, wakati barabara zimefungwa na ndagala haipandi, wako katika hatari kubwa kuliko sisi. Nakumbuka wazee wakisema kwamba zamani mtu wa mlimani alishuka na mihogo, akapanda na samaki, na mabadilishano hayo hayakukatwa hata katika magomvi. Sasa naelewa vizuri zaidi kwa nini.

Kwa wale ambao njaa imewashika na siku nne hazipo, kuna njia ambayo profesa Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia aliitengeneza miaka ya 2000, ikajaribiwa Popokabaka kuanzia 2010 na konzo ikasimama katika vijiji vilivyoifuata. Unga wa muhogo unatiwa katika beseni, unapiga alama ukutani mwa beseni mahali unga ulipofika. Unamimina maji huku unakoroga. Unga utashuka, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, simamisha maji. Kisha unautandaza juu ya mkeka, mwembamba, usifike sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Halafu unasonga bugali siku ileile. Njia hii haiondoi kazi ya kulowesha, inaisaidia. Koko alipoelezwa alicheka akasema wazungu wamechelewa kufika.

Sasa, ndugu msomaji, si kila kizunguzungu ni cha muhogo, na hapa ndipo watu wetu wanachanganya. Katika miaka ya mwisho koko mwenyewe alianza kupatwa na kizunguzungu cha namna nyingine. Hakikuja baada ya chakula. Kilimkamata ghafla, nyumba yote ikazunguka, sikio la kushoto likalia kama kuna nyuki ndani, akasikia limeziba. Kilimshika saa mbili, tatu, halafu kikamwachia. Majirani wakasema tena: bugali. Akaongeza siku za kulowesha mpaka tano, sita, hata bugali ikanuka, na kizunguzungu kikabaki palepale.

Daktari aliyempima alimwambia jambo ambalo lilimkasirisha sana: apunguze chumvi.

Ili kuelewa hasira ya koko lazima kujua chumvi ilikuwa nini kwenye ziwa letu. Ng'ambo, mashariki ya Ujiji, kuna Uvinza, mahali ambapo maji ya chumvi yanatoka ardhini. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba huko mwaka 1967 waliona kwamba watu walichemsha chumvi Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi hiyo ilibebwa katika mizigo, ikavuka ziwa kwa mitumbwi, ikanunua pembe, watumwa, samaki, jembe. Richard Burton na John Speke walipopita Ubwari mwaka 1858 wakielekea Uvira (Burton alidhani Ubwari ni kisiwa, na jina lake limebaki kwenye ghuba ya Baraka), chumvi ilikuwa mali ya kweli katika biashara ya ziwa. Ndani zaidi, katika misitu ya Kongo, watu wasioipata walichoma majani ya majini na kuchuja majivu. Chumvi ya majivu ni kali ulimini, lakini mara nyingi ni ya potasiamu zaidi kuliko sodiamu, yaani si sawa na hii ya dukani.

Kwa hiyo koko alizaliwa katika ulimwengu ambamo chumvi ilikuwa heshima. Mgeni alitiliwa chumvi. Mgonjwa alitiliwa chumvi. Kumwambia mwanamke wa umri wake ale mboga bila chumvi ni kama kumwambia kwamba watoto wake wameshindwa kumtunza. Alisema: "Kwani nimekuwa mufungwa?"

Lakini chumvi ya siku hizi si kijiko kile kilichovuka ziwa. Iko katika vile vidonge vya Maggi vinavyotiwa viwili, vitatu ndani ya sombe moja. Iko katika makayabo, iko katika samaki waliotiwa chumvi ili wafike sokoni mbali. Shirika la afya la dunia linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kila kitu ndani yake. Tuhesabu sahani zetu kwa ukweli, tutaona aibu.

Kwamba kizunguzungu kinaweza kutoka ndani ya sikio si jambo la kale. Prosper Ménière, daktari wa viziwi huko Paris, alilieleza mwaka 1861. Kabla yake waganga wa Ulaya walidhani ni damu imejaa kichwani, wakawatoa wagonjwa damu. Ugonjwa unaobeba jina lake ndio ule wa sikio kulia, kuziba na dunia kuzunguka. Mwaka 1934 Furstenberg na wenzake huko Michigan, Marekani, walianza kuwapa wagonjwa hao chakula chenye sodiamu kidogo. Tangu hapo madaktari wanasema: chumvi kidogo, maji ya kutosha, kahawa na pombe kidogo, na kula kwa saa zilezile.

Nisiwadanganye wasomaji. Mapitio makubwa ya utafiti, hata yale ya Cochrane ya 2023, yanasema ushahidi wa shauri hilo bado ni mdogo sana. Wengine wanapona, wengine hawaoni tofauti. Lakini chumvi kidogo ni nafuu, haina hatari kwa wengi wetu, tena inasaidia wenye tansio, ambayo inawaua wazee wetu kimyakimya. Mimi naona ni jambo la kujaribu miezi miwili mitatu, huku mtu anaandika siku ambazo kizunguzungu kilikuja. Pombe sina haja ya kueleza: anayekunywa kanyanga akalalamika kwamba dunia inazunguka, ajiulize mwenyewe.

Kuna pia kile kizunguzungu kifupi, cha nukta chache, kinachokuja mtu akigeuka kitandani au akitazama juu ya mwembe. Hicho kinatoka kwa vipande vidogo vya chokaa vilivyohama mahali pake ndani ya sikio. Hakuna chakula kitakachovirudisha. Daktari John Epley alionyesha mwaka 1980 namna ya kugeuza kichwa cha mgonjwa mpaka virudi. Utafiti wa Korea ya Kusini wa mwaka 2020, kwa wagonjwa karibu 1,000, ulionyesha tu kwamba vitamini D pamoja na kalsiamu hupunguza kurudi kwake kwa wale wenye upungufu. Jua tunalo, na ndagala tunaila na mifupa yake.

Na kizunguzungu cha mama mjamzito mwenye macho meupe, au cha mtoto baada ya malaria, hicho ni cha damu kupungua. Hapo lengalenga, maharagwe, samaki na maini vinasaidia, lakini kituo cha afya kwanza. Vilevile mtu ambaye ulimi umekuwa mzito, mdomo umepinda au mkono umelegea pamoja na kizunguzungu, asipikiwe chochote: abebwe haraka.

Ndiyo maana nasema lile swali la mama zetu ni zuri, ila lipanuliwe kidogo. Kimekuja baada ya bugali, au bila bugali? Mmeshikwa nyumba nzima, au mtu mmoja? Sikio linalia? Nyumba nzima ikishikwa usiku mmoja, tazameni beseni la mihogo kabla ya kumtazama jirani.

Koko alikubali mwishowe, kwa masharti yake. Vidonge vya Maggi vilitoka jikoni. Chumvi aliiweka ndani ya kikopo chake mwenyewe cha maziwa, akaifunga kwa kitambaa, na jioni alitoa kidogo kwa ncha za vidole viwili. Vipindi vyake vilipungua, havikwisha. Sombe aliipika kwa mawese na karanga nyingi ili ulimi usilie sana, na bado kila jioni alisema mbele yetu wote kwamba inafanana na chakula cha kambini. Mihogo yake iliendelea kulala majini siku nne kamili, na beseni alilifunika kwa bati lenye jiwe juu, ili mjukuu mwenye njaa asilifungue kabla ya siku yake.